Baridi ya Songea: Kabla ya kununua hita, uliza inapasha maji au hewa

Na Mwandishi Wetu, Songea

WAKATI wakulima wa Ruvuma wakiwa katika mavuno ya mahindi na wanunuzi wa kahawa wakianza safari za Mbinga, baridi nayo huwa imekwisha kuingia mjini Songea. Kati ya Juni na Agosti mji huu, ambao uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hushuka usiku hadi nyuzi 11 au 12 za joto. Mablanketi na makoti ya mitumba huwa ndiyo bidhaa zinazotoka haraka sokoni. Gesti nazo hujaa wanunuzi wa mazao, madereva na mawakala, na chumba chenye maji ya moto huulizwa kabla ya kile chenye televisheni.

Kwa maneno mengine, msimu wa baridi Songea ndio msimu wa fedha. Lakini ndio pia msimu wa hita kuungua, na mara nyingi hita haiungui kwa sababu ni ya bei rahisi. Huungua kwa sababu imewashwa wakati hakuna maji ndani yake.

Jambo hili linamhusu mfanyabiashara mdogo kuliko linavyoweza kuonekana. Hita ziko za aina nyingi dukani na katika magari yaliyotumika yanayotoka nje, lakini kwa mwenye mtaji zinagawanyika makundi mawili tu: zile zinazopasha maji, na zile zinazopasha hewa. Kundi la kwanza haliruhusiwi kuwaka likiwa kavu. Kundi la pili halijali kama tangi lina maji au halina. Anayelipa fedha zake bila kujua ananunua ya kundi lipi anacheza bahati nasibu, hasa katika mji ambao kiangazi huanza pamoja na baridi na mabomba hayatoi maji saa zote.

Kwanza tuangalie upande wa gesti. Hadi mwaka 2018 Songea ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, na mwenye nyumba aliyefikiria kuweka hita ya umeme kila chumba alionekana mtu wa ndoto. Mwaka huo njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilikamilika na mji ukaunganishwa na gridi ya taifa. Kuanzia hapo hita ya maji ikawa kitu ambacho hata gesti ya vyumba sita inaweza kukifikiria.

Hesabu yake si ya kutisha. Tangi la lita 50 likipashwa kutoka nyuzi 18 hadi 55 linakula uniti mbili na kidogo za umeme. Kwa bei ya kundi T1 iliyoanza mwaka 2016, Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni kama Sh. 630. Mgeni mmoja anayeoga ndoo ya lita 20 yenye joto la kawaida la kuogea anatumia takriban nusu uniti, yaani kama Sh. 150. Hakuna mwenye gesti atakayeshindwa kurudisha fedha hiyo katika bei ya chumba.

Hasara iko kwingine. Ndani ya tangi kuna koili, na koili hiyo ina nguvu ya wati 1,500 hadi 3,000. Ikiwa imezama, maji yanaichukua joto lake lote na yenyewe haipandi sana kupita joto la maji yanayochemka. Ikiwa wazi hewani, joto halina pa kwenda. Katika dakika chache inakuwa nyekundu, ganda lake linapasuka, na wakati mwingine mpira na plastiki vilivyo karibu navyo vinayeyuka. Matangi mengi yana swichi ya usalama inayokata umeme joto likizidi, lakini swichi hiyo hupima joto mahali ilipo, na tangi tupu halisambazi joto upesi kama lililojaa. Mara nyingine inakata wakati koili imekwisha kufa.

Tangi linakaukaje? Siku ambayo maji yamekatika mjini na tangi la juu la akiba limekwisha, au siku ambayo fundi wa bomba amefungua mfumo kurekebisha koki inayovuja akaondoka bila kumwambia mhudumu wa zamu. Hali kadhalika mwenye nyumba anayefunga vyumba vya nyuma wageni wanapopungua, akamwaga maji ili yasikae miezi mitatu yakiwa yamesimama, ambalo ni jambo zuri, kisha mgeni akaja usiku na mhudumu akawasha swichi kabla ya kufungua maji.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na unafaa kubandikwa ukutani karibu na swichi. Ukikausha mfumo, umeme unazimwa kwanza, tena kwenye breka, ndipo maji yanamwagwa. Ukirudisha, maji yanaingia kwanza, koki ya maji ya moto inafunguliwa na kuachwa wazi hadi itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo umeme unawashwa. Mhudumu asiyeweza kufuata mpangilio huo asipewe ufunguo wa chumba cha swichi.

Wapo waliokwepa tatizo hili kwa kufunga hita ndogo za shawa zinazopasha maji yakiwa yanapita. Hizi hazina tangi. Ndani yake kuna kiwambo kinachosukumwa na maji, na bila msukumo huo umeme hauingii. Ni kinga nzuri dhidi ya ukame, ingawa maji yakija kidogo kidogo yakiwa yamechanganyika na hewa koili zake huungua vile vile. Pia zinavuta umeme mwingi kwa mara moja. Hita ya kilowati tano inataka ampea zaidi ya 20, na vyumba vinne vikioga saa kumi na mbili asubuhi, nyaya za nyumba ya zamani zitatoa taarifa zenyewe.

Hita ya jua nayo ina ugonjwa wake. Juni na Julai mchana wa Songea huwa na jua kali ingawa usiku ni wa baridi, na ile mirija ya kioo iliyoko juu ya paa ikiwa tupu mchana inapanda joto hata kupita nyuzi 200. Akija fundi saa saba mchana akafungulia maji baridi, mirija inapasuka. Mfumo wa jua uliokauka hujazwa alfajiri au baada ya jua kuzama. Ni jambo dogo, lakini wauzaji wengi hawalisemi.

Je, vyumba vyenyewe vipashwe joto? Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapana. Hita ya feni ya wati 2,000 haina habari na maji, kwa hiyo inaweza kuwaka hata mabomba yakiwa makavu. Vile vile hita zile zenye mapezi ya chuma, ambazo watu hudhani zina maji, zina mafuta yaliyofungiwa kiwandani na hazijazwi kitu. Lakini hita ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa nane inakula uniti 16, karibu Sh. 4,700 kwa usiku mmoja kabla ya kodi. Blanketi la pili linanunuliwa mara moja.

Sasa tuje upande wa magari, ambako swali la hita na maji lina fedha nyingi zaidi na pia maisha ya watu.

Katika nchi za baridi, Ujerumani na Sweden mathalani, kuna magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na bafu. Tuyaite magari-nyumba. Wenyewe huyatumia hata katika kipupwe, wakati maji ya nje yanageuka barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa, na nguvu hiyo inapasua bomba, pampu na tangi. Hivyo mwenye gari huamua kumwaga maji yote ya kuogea na kuosha vyombo, akabaki na dumu la maji ya kunywa ndani, na huku anataka hita iendelee kumpa joto usiku. Swali lake ni lile lile la mhudumu wa gesti ya Songea, ila yeye amekausha mfumo kwa makusudi.

Watengenezaji wamelijibu kwa njia mbili. Truma, kampuni ya Kijerumani iliyoko Putzbrunn karibu na Munich, inatengeneza hita iitwayo Combi. Ndani yake moto wa gesi au dizeli unapasha hewa inayosukumwa na feni, na kuzunguka sehemu hiyo kuna tangi la maji la lita 10. Hita hiyo imejengwa iweze kupasha hewa tangi likiwa limejaa au likiwa tupu. Alde ya Sweden imefuata njia nyingine. Hita yake inazungusha maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda katika mabomba yanayopita chini ya kuta za gari. Hapa kuna maji ya aina mbili, na ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Yale ya kuogea yanaweza kumwagwa yote na hita ikaendelea kufanya kazi. Yale ya mzunguko hayamwagwi kamwe, kwa sababu bila hayo hakuna kinachobeba joto.

Mwekezaji wa Ruvuma afanye nini na habari hizo? Barabara ya lami sasa inatoka Songea hadi Makambako upande mmoja na hadi Masasi na Mtwara upande mwingine, na wasafiri wa nje wenye magari ya kulala wanazidi kuonekana katika barabara za kusini. Anayefikiria kuagiza gari-nyumba lililotumika ili alikodishe kwa watalii wa Hifadhi ya Kitulo au Ziwa Nyasa ajue kwamba Songea haigandishi maji, lakini Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, hupata jalidi Juni hadi Agosti. Hita ya Truma ina vali inayojifungua yenyewe joto la mahali ilipo likishuka hadi nyuzi tatu, na kumwaga zile lita 10 chini ya gari. Haifungiki tena hadi mahali hapo papate nyuzi saba. Fundi asiyeijua atasema inavuja na kuiziba kwa mpira. Usiku unaofuata tangi linapasuka, na tangi la namna hiyo halipatikani Kariakoo.

Lakini soko kubwa haliko kwenye magari-nyumba. Liko kwenye malori.

Malori yaliyotumika yanayotoka Ulaya huweza kuja na hita ndogo ya dizeli ndani ya kebini, iliyofungwa ili dereva alale na joto injini ikiwa imezimwa. Majina yanayokutwa sana ni Webasto na Eberspächer, yote ya Kijerumani, na siku hizi kuna za Kichina zinazofanana nazo. Wauzaji huziita zote hita za kulalia. Hata hivyo si kitu kimoja. Webasto Air Top na Eberspächer Airtronic zinapasha hewa. Webasto Thermo Top na Eberspächer Hydronic zinapasha maji ya injini, ambayo ndiyo hubeba joto kwenda kwenye kebini.

Tofauti hiyo inaonekana siku ya matatizo. Lori lililopasuka rejeta Namtumbo saa nne usiku, maji yakaisha yote, bado linaweza kumpa dereva joto hadi asubuhi kama lina hita ya hewa. Kama lina hita ya maji, pampu yake inazunguka kavu, hita inapata joto kupita kiasi, inajizima na inaweza kujifunga, na kuifungua huenda kukataka fundi. Na hita ya kawaida ya kebini, ile inayokuja na kila gari, nayo inategemea maji ya injini. Ikianza kupuliza hewa baridi ghafla huku mshale wa joto la injini ukipanda, maji yamepungua. Dereva mwerevu husimama hapo hapo, kwani kuendelea ni kununua gasketi, pengine na silinda hedi.

Kuzitambua ni rahisi hata kwa asiye fundi. Hita ya hewa ina bomba nene la kupitisha hewa, ukubwa wa ngumi ya mtoto, linaloingia ndani ya kebini. Hita ya maji ina mipira miwili ya maji inayoungana na injini. Zote mbili zina kibomba chembamba cha dizeli na ekzosi yake ndogo.

Hesabu ya hita ya hewa ya kilowati mbili iko hivi. Inakunywa kati ya lita 0.1 na 0.25 za dizeli kwa saa. Tuweke lita 0.2, na dizeli tuihesabu Sh. 3,000 kwa lita. Usiku wa saa nane ni lita 1.6, yaani Sh. 4,800. Lori likiachwa likinguruma usiku kucha ili kupata joto linakunywa lita mbili hadi tatu kwa saa. Tukichukua tatu, ni lita 24, yaani Sh. 72,000, bila kuhesabu uchakavu wa injini. Tofauti ni Sh. 67,200 kwa usiku mmoja.

Hata hivyo tusidanganyane kwa hesabu nzuri. Madereva wengi hawaachi injini ikiwaka usiku kucha, kwa kuwa tajiri anapima mafuta. Wanajifunika. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa 2011 na kwa miaka kadhaa yalikwenda zaidi kwenye viwanda vya saruji. Kuanzia 2021 na 2022 yamekuwa yakisafirishwa kwa wingi kwenda bandari ya Mtwara kwa ajili ya nchi za nje. Lori la safari hiyo linateremka kuelekea joto. Lina usiku mmoja wa baridi, pengine miwili. Kwa lori hilo, kununua hita ni anasa, na tajiri anayemnunulia dereva wake blanketi zito amefanya biashara nzuri. Lori linalobeba mahindi au mbao kupitia Njombe na Makambako mwezi Julai, na kulala huko mara tatu kwa wiki, hilo ni jambo jingine.

Na hapo Njombe pana mtego ambao kipeperushi cha muuzaji hakiutaji. Hita ya dizeli imepimiwa kiasi fulani cha hewa. Baadhi ya watengenezaji wanaeleza kwamba hita zao za hewa zinafanya kazi bila kikomo hadi mita 1,500, na juu ya hapo kwa muda mfupi tu, kama wakati wa kuvuka mlima, isipokuwa zikiwa na kifaa cha maeneo ya juu. Songea iko chini ya kiwango hicho. Njombe na Makete ziko juu yake kwa mbali. Hita iliyofanya kazi vizuri Songea mwezi mzima itakaa usiku mmoja Njombe ikitoa moshi mweusi, na baada ya wiki kadhaa chumba chake cha moto kimejaa masizi na haiwaki tena. Yaani mahali penye baridi zaidi ndipo hita ya bei rahisi inapochoka mapema. Anayenunua kwa ajili ya njia hiyo aulize kuhusu kifaa hicho kwanza, bei baadaye.

Lililo baya kuliko yote ni jiko la mkaa. Katika Njombe, Iringa na Mbeya habari za watu kulala na jiko ndani na kutoamka si ngeni, na kebini ya lori ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dereva na utingo wakifunga vioo, hawapati dalili zaidi ya kichwa kuuma na usingizi, na usingizi ndio waliokuwa wakiutafuta. Mkaa ulioacha kutoa moshi si salama zaidi, ila tu unaonekana hivyo. Tajiri anayekataza jiko ndani ya kebini bila kutoa blanketi wala hita hajakataza kitu.

Hita ya dizeli yenyewe haina hatari hiyo endapo ni nzima, kwa sababu moto wake umefungiwa na moshi unatoka nje kwa ekzosi yake. Ikiwa ekzosi imeoza kwa kutu, au imefungwa upya ikaelekea chini ya mlango, hatari inarudi. Tena ni lazima izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Anayekagua lori lenye hita asikubali kuonyeshwa swichi tu. Aombe iwashwe injini ikiwa imezimwa, na asimame hapo dakika 20. Mwanzoni moshi mweupe kidogo ni wa kawaida, baada ya hapo ekzosi inatakiwa kuwa safi. Hewa ya ndani isinuke dizeli. Betri ziwe nzima, kwa kuwa plagi ya kuwashia inavuta umeme mwingi dakika za mwanzo ingawa baadaye feni haizidi wati 30, na betri dhaifu hufanya hita nzima ionekane mbovu. Kisha izimwe kwa swichi yake na asikilize. Feni inatakiwa kuendelea kwa dakika chache ikipoza chumba cha moto kabla ya kunyamaza. Muuzaji akiizima kwa kukata umeme wa gari lote, huenda ndivyo ilivyokuwa ikizimwa siku zote, na bei inatakiwa kushuka papo hapo.